Udongo Mzito Ulioshindiliwa: Jinsi ya Kuchagua Zana ya Kuuvunja

Ukishuka kutoka Awasi kuelekea Ahero mwezi wa pili, utaona mashamba meusi yaliyopasuka, nyufa pana za kumeza kiatu cha mtoto. Rudi mwezi wa nne: mashamba yale yale yamekuwa madimbwi, na mahindi ya kimo cha goti yamegeuka manjano. Mwenye shamba husema ardhi imechoka. Ananunua mbolea, anaongeza mbegu, na msimu unaofuata hali ni ile ile, kwa sababu tatizo liko chini, mahali mbolea haifiki: udongo umeshindiliwa na miaka ya plau, kwato na magurudumu ya matrela ya miwa.

Mwongozo huu ni wa mkulima mwenye kuanzia robo ekari hadi ekari ishirini, hapa Kisumu na kwa wenzetu wa Kakamega, Vihiga na Nakuru. Neno langu kubwa ni hili: usianze na zana. Anza kwa kujua tabaka gumu liko kina gani na udongo una maji kiasi gani siku hiyo. Ukishajua hayo mawili, zana karibu inajichagua. Usipoyajua, hata trekta kubwa kuliko yote kwenye tambarare ya Kano litakuachia shamba baya kuliko lilivyokuwa.

Hatua ya 1: Tambua mfinyanzi wako ni upi

Watu husema "mfinyanzi" kana kwamba ni kitu kimoja. Huku tambarare ya Kano, Nyando na sehemu za Muhoroni tuna udongo mweusi wa pamba. Ukilowa unavimba na kunata, ukikauka unanywea na kupasuka. Nyufa zake zinaweza kushuka nusu mita na zaidi. Udongo huu hujilima wenyewe kila kiangazi: unapasuka, vipande vya juu vinaangukia ndani ya nyufa, mvua inakuja na kuvimbisha vyote. Kwa hiyo ukiupasua kwa chuma kirefu kwa gharama kubwa, mvua ikishanyesha utavimba na kuziba ile njia. Nimeona mashamba ambayo baada ya msimu mmoja huwezi kujua zana ilipita wapi. Kwenye udongo huu, shida kubwa mara nyingi ni maji yasiyo na pa kwenda, na tiba yake ni matuta mapana na mifereji. Nitayarudia mbele.

Mfinyanzi mwekundu wa Kakamega na Vihiga ni kitu kingine. Haupasuki sana wala hauvimbi sana, kwa hiyo ukishashindiliwa hauwezi kujifungua wenyewe. Na kule Njoro na Rongai, kwenye mashamba ya ngano na mahindi ya Nakuru, miaka mingi ya plau ya diski kwa kina kile kile imejenga tabaka gumu chini kidogo ya pale diski zinapoishia. Huko ndiko kupasua kwa kina kunalipa.

Kuna jaribio moja dogo ambalo kila mwenye udongo mweusi anapaswa kulifanya. Chukua kidonge kikavu cha udongo, ukubwa wa punje ya mbaazi, ukiweke taratibu kwenye glasi ya maji safi ya mvua. Usikoroge. Kiangalie baada ya saa mbili. Kikibomoka na maji yakabaki safi, sawa. Kukitokea wingu la maziwa kukizunguka kidonge, udongo wako huenda una chumvi ya sodiamu nyingi, na hapo chuma peke yake hakitasaidia: utafunguka leo na kuganda tena mvua ya kwanza. Peleka sampuli kwenye maabara inayopima udongo, uulize ikiwa unahitaji jasi (madini ya kalsiamu ya kuondoa sodiamu) na kiasi gani. Jasi haina kazi kwa mtu ambaye udongo wake hauna sodiamu, ingawa wauzaji wanaiuza kwa kila anayepita.

Hatua ya 2: Tafuta tabaka gumu liko wapi

Hapa usiwe na haraka. Zana zote nitakazozitaja zinategemea namba utakayoipata hapa.

Nunua kipande cha nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja. Mpelekee fundi anolee ncha moja na kuchomelea mpini wa kupitana upande wa pili, kama herufi T. Piga alama kwa tupa kila sentimita 10. Subiri siku mbili tatu baada ya mvua nzuri, udongo ukiwa umelowa mpaka chini lakini maji yamekauka juu. Ingiza nondo kwa uzito wa mwili wako, polepole, bila kugonga na bila kuruka. Kwanza itaingia kama kisu kwenye viazi. Kisha itakataa. Shika nondo pale ilipogusana na udongo, uitoe, usome kina. Jaribu kusukuma zaidi mahali pengine: ikipenya lile tabaka na kulainika tena chini yake, hilo ni tabaka la plau. Ikiwa ngumu moja kwa moja hadi chini, hiyo ni asili ya udongo wenyewe au mwamba, na kupasua hakutabadilisha mengi.

Rudia mahali 15 hadi 20 katika ekari moja, kwa kukatiza shamba, na uandike kila namba. Pima pia chini ya ua wa mpaka wa shamba, mahali ambapo plau haijawahi kupita. Ule udongo wa ua ndio kioo chako. Ikiwa nondo inakataa kwa sentimita 18 shambani na kushuka hadi 50 uani, ugonjwa umeletwa na kilimo na unatibika. Ikiwa ni sawa pande zote mbili, bakisha pesa zako.

Usipime wakati wa kiangazi. Mfinyanzi mkavu utakataa nondo popote na utadhani shamba zima ni saruji.

Baada ya nondo, chimba shimo moja la nusu mita katikati ya mahindi yaliyosimama. Mara ya kwanza nilipochimba hapa kwetu nilikuta mzizi wa muhindi umeshuka wima sentimita 14, ukapinda kama kiwiko, ukaendelea kulala mlalo umbali wa mkono mzima. Ulikuwa bapa upande wa chini, kama kidole kilichobanwa na mlango. Juu yake udongo ulikuwa chembechembe; chini yake ulitoka kwa vibamba, kimoja juu ya kingine, kama chapati zilizopangwa. Nilikuwa nimelima shamba lile miaka minane bila kulitazama ndani.

Kipimo cha maji ni rahisi zaidi. Kata mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia uwe wazi juu na chini, uzamishe sentimita 5, mimina nusu lita ya maji, na utazame saa. Fanya shambani na uani. Tofauti itakuonyesha kwa nini mvua ya Aprili inakimbilia kwa jirani.

Hatua ya 3: Subiri udongo uwe tayari

Kosa la kupasua udongo ukiwa umelowa limekula pesa za wakulima wengi kuliko jingine lolote, zangu zikiwemo. Mwaka mmoja nilikodi trekta lenye sabsoila, chuma kirefu cha kupasua udongo wa chini, kupitia mtu aliyekuwa na foleni ndefu. Likafika siku ya tatu baada ya mvua kubwa. Dereva akaniambia, "Boss, leo ndiyo rahisi, chuma kinaingia vizuri." Kweli kiliingia, kama kidole kwenye siagi. Wiki moja baadaye nilichimba kukatiza mistari, nikakuta mifereji laini, kuta zake zinang'aa kama chungu kilichosuguliwa, na udongo wa katikati haujaguswa. Nililipia ekari tatu za mabomba. Mama mmoja jirani yetu, wa rika la mama yangu, alikuja akasimama ukingoni akaniambia, "Mwanangu, udongo uking'aa umekukataa. Ungengoja."

Chuma cha kupasua hakikati. Kinainua udongo kutoka chini ili ukatike wenyewe kwa nyufa zinazopanda juu. Udongo mkavu kiasi hukatika. Udongo uliolowa hunyooka na kusogea pembeni kama unga wa chapati. Kwa hiyo, kabla ya kuita trekta, chimba hadi kina utakachofanyia kazi, chukua udongo wa pale chini, sio wa juu, uuviringishe kati ya viganja. Ukitoka mnyoo mwembamba karibu na njiti ya kiberiti bila kukatika, umelowa mno. Ukibomoka kabla ya kufika hapo, uko tayari.

Kwetu dirisha hilo huwa Januari na Februari, kabla ya masika, na tena baada ya kuvuna mahindi mwezi wa nane, kabla ya vuli. Lakini mwishoni mwa kiangazi kikali udongo mweusi hukauka kupita kiasi: chuma kinang'oa mabonge ya ukubwa wa debe, dizeli inateketea, na haro, zana ya kusaga mabonge, haitayavunja. Lenga katikati.

Hatua ya 4: Linganisha zana na kina

Kwa bustani au robo ekari, *jembe uma* na *mtaimbo* vinatosha, na kazi yao huwa safi kuliko ya trekta. Chimba mfereji wa upana wa jembe, toa udongo wa juu, lainisha wa chini kwa uma mpaka sentimita 40, tia samadi, kisha sogea nyuma na urudishe udongo wa juu mahali pake. Usichanganye matabaka: udongo mbichi wa chini ukija juu, mboga zitadumaa. Ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa hiyo fanya tuta moja kwa wiki.

*Plau ya ng'ombe* ya kawaida inalima sentimita 10 hadi 15, na ndiyo iliyojenga tabaka katika mashamba mengi ya Kano. Sina ugomvi nayo kwa kuandaa juu, ila haiwezi kuvunja ilichokijenga. Badala yake tafuta *ripa ya ng'ombe*, jino moja jembamba linalofungwa kwenye mti wa plau ile ile baada ya kutoa bawa lake. Ripa ya Magoye, iliyotengenezwa Zambia kwa ajili ya wakulima wadogo, ni ya aina hii, na fundi mzuri anaweza kukutengenezea inayofanana nayo. Unapasua mistari tu, kwa nafasi ya kupandia, sentimita 75 au 90, na kupanda juu ya mistari hiyo.

Jua nguvu ya ng'ombe wako. Ng'ombe huvuta kwa saa kadhaa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Jozi ya zebu wa kilo 300 kila mmoja inakupa mvuto wa kilo 60 hivi, na inatosha jino jembamba la sentimita 15 hadi 20. Ikiwa nondo yako ilikataa kwenye sentimita 14, umepata suluhisho la bei nafuu. Ikiwa ilikataa kwenye 28, usiwatese wanyama. Na kumbuka kwamba mwezi wa pili ng'ombe wamekonda, majani hakuna. Pitisha ripa mara mbili kwenye mstari mmoja, kila mara chini kidogo, badala ya kulazimisha kwa mara moja.

*Trekta la mkono* na *rotaveta* ndizo zinazovutia macho. Udongo unatoka laini kama unga, mwenye shamba anafurahi na kupiga picha. Lakini visu vyake vinazunguka na kupiga sakafu ile ile ya sentimita 12 au 15, na mfinyanzi ukiwa na maji, visu vinaipaka kama fundi anavyopiga plasta. Kisha ule unga wa juu unaganda kwa mvua ya kwanza. Kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, rotaveta ni zana ya mwisho kabisa, ya kuandaa kitalu juu ya ardhi iliyokwisha kufunguliwa, au isitumike.

*Plau ya diski* ni ya kawaida huku kwa sababu nzuri: inabingirika juu ya visiki, na mfinyanzi unaonata hauigandi sana kama unavyoganda kwenye plau ya bawa. Itumie kwa kufungua shamba lililolala. Ila haipiti sana sentimita 20 au 25, na uzito wake wote unakaa kwenye sakafu ya diski. Kulima kwa diski kina kimoja kila msimu ni kulishindilia tabaka kila msimu.

Kwa tabaka lililo kati ya sentimita 15 na 30, tafuta *chizeli*, fremu yenye meno kadhaa yaliyopinda. Hesabu nguvu ya farasi 10 hadi 15 kwa kila jino. Trekta la 75 linaweza kuvuta meno matano. Kwa wengi wetu hii ndiyo zana ya kutafuta kwanza, na inasikitisha kwamba ni vigumu kuipata ya kukodi kuliko diski.

Tabaka likiwa kwenye kina kinachozidi sentimita 30, hapo ndipo *sabsoila* inapohitajika. Mguu mmoja, yaani chuma kimoja cha kupasua, kwenye mfinyanzi unataka farasi 30 hadi 50. Kwa hiyo mtu akija na trekta la 75 na sabsoila ya miguu mitatu, ama hatafika kina ama atasaga magurudumu yake shambani mwako. Toa miguu miwili. Mambo ya kukagua ni haya:

- Kina: sentimita 3 hadi 5 chini ya mwisho wa tabaka, basi. Kwenda chini zaidi ni kuchoma dizeli.
- Upana wa ncha: chuma huinua udongo vizuri hadi kina cha takriban mara sita ya upana wa ncha yake. Ncha ya sentimita 7 ina mwisho wake karibu na 40. Ukiipeleka 55, kule chini inabana udongo pembeni na kuunda tabaka jipya.
- Nafasi kati ya mistari: sawa na kina, au mara moja na nusu. Kina 40, nafasi 40 hadi 60. Ncha yenye mabawa inaruhusu nafasi pana zaidi.
- Mwendo: kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Dereva anayekimbia anainua chuma bila kujua.

Tazama ncha kwa makini kuliko rangi ya trekta. Ikishalika na kuwa duara kama kidole gumba, mguu unaelea. Pale soko la Kibuye, Kisumu, mafundi wa jua kali wanatengeneza ncha za springi za lori kuukuu. Nimekaa nikamtazama mmoja: alipasha chuma kwenye makaa huku kijana akizungusha feni ya mkono, mpaka kikawa rangi ya papai lililoiva, akakipinda kwenye fuawe kwa mapigo manane au tisa, kisha akakitumbukiza kwenye mkebe wa oili chafu ya injini. Nilimuuliza kwa nini si maji. "Springi ukiitia maji, mzee, inapasuka kama kikombe." Ukienda kutengenezewa, dai springi, usikubali bamba laini la kawaida.

Hatua ya 5: Siku ya kukodi

Anza kuulizia mwezi mmoja kabla, kwa wenye matrekta binafsi na kwa vituo vya serikali vya teknolojia ya kilimo kama vile vya Nakuru, Siaya na Bukura. Kubaliana kina cha kazi kwa sentimita, sio kwa neno "kina kirefu," na mkubaliane kwamba udongo ukiwa umelowa siku hiyo, safari inaahirishwa. Atakayekataa sharti hilo, mwache aende.

Pata picha ya muda. Mguu mmoja, nafasi ya sentimita 60, kilomita 4 kwa saa, ukijumlisha muda wa kugeuza, ni ekari moja kwa saa mbili na kidogo. Mtu akimaliza ekari yako kwa dakika 40, ameruka mistari.

Mwambie dereva apige mita 20 kisha asimame. Chimba kukatiza mstari kwa beleshi. Unataka kuona nyufa zikipanda kutoka kwenye ncha kwenda juu pande zote mbili, kwa umbo la herufi V pana, na tabaka limevunjika vipande. Ukiona mfereji mwembamba tu, punguza kina, au funga kazi.

Kisha pima utelezi wa gurudumu. Piga alama ya chokaa kwenye tairi la nyuma, lihesabu mizunguko kumi likiwa kazini, pima umbali. Fanya hivyo tena zana ikiwa imeinuliwa. Ikiwa bila mzigo lilikwenda mita 40 na kazini 36, utelezi ni asilimia 10, ni sawa. Ukizidi 15, tairi linapaka udongo na kushindilia tena: ongeza uzito au punguza mguu. Angalia pia bolti ya kukatika kwenye mguu. Ikiwa imebadilishwa kwa bolti ngumu, jiwe moja litavunja fremu, na mzozo utakuwa juu yako.

Hatua ya 6: Usiufunge tena

Trekta likishatoka, lisirudi. Safari ya kwanza ya gurudumu juu ya udongo uliolegezwa ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya madhara yote. Zinazofuata huongeza kidogo tu. Kwa hiyo chagua njia moja ya magari na uitoe sadaka. Kwa wenye miwa, zungumza na wabebaji kabla ya siku ya kuvuna: trela lisubiri kwenye njia, miwa ibebwe hadi pale. Ekseli yenye mzigo wa tani 10 hushindilia hadi sentimita 40 na zaidi, mahali ambapo hutarudi kwa jembe.

Mara moja panda kitu chenye mzizi wa nguvu. Mbaazi ndiyo chaguo langu la kwanza, ikifuatiwa na njahi. Mizizi yake inaingia kwenye nyufa na kuziacha wazi ikioza. Samadi iingie wakati huo huo.

Na kwa ndugu zangu wa udongo mweusi: baada ya kuvunja tabaka la juu kwa chizeli au ripa, pesa iliyobaki itie kwenye matuta. Wakulima wa Ethiopia kwenye udongo kama huu hutumia zana ya ng'ombe iliyoundwa kwa kuunganisha plau mbili za kienyeji, inayotengeneza tuta la sentimita 80 na mfereji wa 40. Hapa unaweza kuyapata kwa plau ya kawaida ukienda na kurudi, na kumalizia kwa jembe. Mifereji iteremkie upande mmoja, kuelekea mtaro, sio kwenye boma la jirani.

Mwezi wa sita rudi na ile nondo, siku mbili baada ya mvua, kwenye sehemu zile zile ulizoandika. Chimba shimo jipya kando ya muhindi na ufuate mzizi kwa kisu mpaka mwisho wake. Ukishuka wima kupita pale ulipokuwa unapinda, usikodi chochote mwaka ujao.